Kamera ya Wazee Haipigi Kelele

Mwezi uliopita nilimfukuza kijana mmoja kwenye mafunzo yangu, na mpaka leo wenzake wananinunia. Wanasema mama amezeeka, amekuwa mkali bila sababu. Sababu ninayo, tena ninayo tangu nikiwa darasa la tatu. Mimi naandika vitabu vyangu, navichapisha mwenyewe, navibeba kwenye mkoba kwenda kuviuza. Filamu zangu nazitengeneza kwa kuungaunga, leo nimeazima taa, kesho nimeazima gari. Hao vijana wa mjini nimewapa chumba changu cha nyuma pale Tandika na kila ninachokijua. Siku hiyo walikuwa wanapiga filamu yao fupi, mimi nawaelekeza tu, akaja mama muuza vitumbua, anataka naye apigwe picha. Akavua aproni, akajifuta mafuta usoni, akasimama wima. Kijana wangu akamwelekezea kamera. "Safi mama! Geuka kidogo mama! Cheka!" Dakika tano nzima. Halafu akanigeukia akanikonyeza, nikaona taa nyekundu haijawaka. Hakurekodi chochote. Wenzake wakaangua kicheko, na yule mama naye akacheka, akidhani wanamfurahia.

Nilimnyang'anya kamera palepale nikamwambia aende kwao. Mwanamke wa umri wangu, nagombana na mtoto katikati ya barabara! Nyinyi wa rika langu, mliokula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na kukimbia mchakamchaka asubuhi na baridi, acheni niwasimulie nyinyi. Wale watoto hawana subira ya kunisikiliza.

Nilizaliwa Tarime, upande wa Nyamwaga, katika nyumba isiyokuwa na baba. Msinionee huruma, haukuwa msiba. Kwetu, mwanamke akizeeka bila mtoto wa kiume na ana ng'ombe zake, anaoa. Anatoa mahari, anamleta msichana nyumbani, na watoto wa msichana huyo wanakuwa wa nyumba yake yule mama. Tunaiita nyumba ntobhu. Mwanamume wa kuzaa naye yupo, bila shaka, ila hatajwi, na hana chake hapo, hata kuku. Bibi yangu, Bhoke, alizaa mabinti watupu. Walipoolewa ng'ombe wakaingia, na kwa ng'ombe hao akamwoa mama yangu. Mama akanizaa mimi, Robhi, kisha mdogo wangu Mwita. Sisi wawili ndio tulikuwa nyumba ya Bibi. Bila sisi, siku akifa jina lake linafutika, na shemeji zake, ndugu wa marehemu mumewe, walikuwa wanaingoja siku hiyo kwa hamu kubwa, warithi ng'ombe.

Hayo niliyaelewa ukubwani. Utotoni nilijua tu kwamba wenzangu wana baba na mimi nina Bibi, na niliona mimi ndiye mwenye bahati, maana baba za wenzangu walikuwa wanapiga. Bibi hakupiga. Alinukia siagi na ugoro, masikio yake yalikuwa yametobolewa makubwa ya kizamani, yakining'inia mpaka karibu na mabega, na mimi nililala nikiwa nimelishika moja. Alikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kiti cha mwenye nyumba, ambacho hakuna mtu mwingine aliyekikalia. Ukikikalia anakuuliza, "Wewe umeoa lini?"

Ikaja amri ya kuhamia kijijini. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika juu ya mlima, kila mtu na zizi lake na migomba yake, zikaachwa, tukashushwa bondeni kwenye mistari iliyonyooka. Bibi alinung'unika njia nzima, lakini alipofika akajenga, maana aliambiwa shule iko karibu. Alikandika kuta mwenyewe, akazisiriba kwa mavi ya ng'ombe na majivu mpaka zikawa laini. Karani wa kijiji alipopita kuandika wakuu wa kaya, alikwama mlangoni kwetu. Kitabu chake kilitaka jina la mwanamume. Bibi akamwambia kwa Kikurya, mimi nikatafsiri, "Andika Bhoke." Karani akaandika kwa penseli. Alisema mambo ya wino yatafuata baadaye.

Basi, siku moja ikaingia Landrover na watu watatu kutoka Dar es Salaam. Walikuja kupiga filamu ya kijiji cha ujamaa, ionyeshwe nchi nzima watu waone maisha mapya. Mkubwa wao alivaa miwani na hakucheka na mtu. Mpiga picha aliitwa Ndugu Kassimu, mtu wa pwani, Kiswahili chake kinateleza mpaka unatamani aendelee kuongea. Watu wazima wengi kwetu walikuwa na Kiswahili cha kuombea chumvi dukani, kwa hiyo waliomba mtoto wa shule wa kuwatafsiria. Mwalimu akanitoa mimi. Kwa siku tatu nilikuwa mtu muhimu kuliko mwenyekiti.

Ndugu Kassimu aliniita mwanangu. Hakuna mwanamume aliyewahi kuniita hivyo. Siku ya kwanza alinipakata, nikaweka jicho kwenye kidirisha cha kamera, nikamwona mbuzi wa jirani amesimama peke yake ndani ya kidirisha, ametulia, kana kwamba Mungu amemuumba muda huohuo. Nikasahau kupumua. Kamera ilikuwa ya kutiwa ufunguo, na ikipiga inalia krrrr, kama cherehani. Nasema kweli, na inaniuma kusema, kila nilichofanya na maisha yangu tangu hapo kimetoka kwenye kidirisha kile cha mtu yule.

Siku ya pili mwenye miwani alipita mistari yote ya nyumba, akasimama kwetu. Ukuta wa Bibi ulimpendeza.

"Hii hapa," alisema. "Baba wa hapa yuko wapi?"

"Bibi ndiye mwenye nyumba," nikamjibu, nikimwonyesha Bibi kwenye kigoda chake.

"Sijauliza bibi. Nauliza baba."

"Hakuna baba. Bibi ndiye alimwoa mama."

Akamtazama Kassimu, wakacheka. Mwenye miwani akasema hayo ni mambo ya kizamani, filamu inataka familia, baba na jembe, mama na mtoto. Bibi akaniuliza wanacheka nini. Nikamwambia wameusifia ukuta wako.

Kassimu akanivuta pembeni, akachuchumaa tukawa uso kwa uso. "Mwanangu, nitafutie baba mmoja mzuri, mwenye viatu. Ukimleta, nakuachia ubonyeze kamera mwenyewe, kwa kidole chako."

Nilikimbia. Sikufikiri hata kidogo. Wanaume walikuwa wengi siku ile, wako kwenye shamba la kijiji, wako kisimani, lakini mimi nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Marwa, kwa sababu alikuwa na viatu vyeusi na kofia, na kila nikipita alinikatia muwa. Alikuwa na tabia ya kunitazama kwa muda mrefu. Nilidhani anapenda watoto. Nilipomwambia anatakiwa awe baba wa nyumba yetu kwenye picha, hakuuliza swali. Alifunga duka na kunitangulia njiani, mimi namfuata mbiombio.

Mama alipomwona anaingia uani, mwiko ulimponyoka mkononi. Aliingia ndani, akatoka amejifunga khanga yake mpya ambayo hakuwahi kuivaa. Bibi akaniita, kwa sauti ya chini.

"Huyu anatafuta nini uani kwangu?"

"Anasaidia tu, Bibi. Ni mchezo. Zamu yako inakuja."

Hayo hakunituma mtu kuyasema. Niliyatunga mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu niliogopa Bibi atamfukuza Marwa na mimi sitabonyeza.

Na nilibonyeza. Marwa alisimama mbele ya ukuta wa Bibi, jembe begani, Mwita mkononi, mama ubavuni. Kassimu aliushika mkono wangu, kidole changu kikazama, krrrr, na ndani ya kidirisha nikamwona mama anatabasamu. Sijawahi kumwona mama akitabasamu vile, wala sikujua anaweza. Kisha nami nikasimamishwa pamoja nao, na Marwa akaniwekea mkono begani. Ulikuwa mzito na wenye joto, na nilipenda. Nikisema sikupenda nitakuwa mwongo.

Wakati wote huo Bibi alikuwa ndani anajiandaa. Alitoka amepaka siagi inang'aa, shanga zote shingoni, vikuku vya shaba mpaka kwenye kiwiko, kigoda mkononi. Mwenye miwani alimtazama yale masikio, akatikisa kichwa. "Hapana, hapana. Tunaonyesha kijiji cha kisasa hapa." Kassimu akamnong'oneza, "Niachie mimi, namalizana naye."

Akamwelekezea Bibi kamera. Na Bibi, jamani, alijitoa. Alikaa kwenye kigoda. Alisimama akaonyesha ukuta, akaonyesha ghala la mtama, akaonyesha zizi na kumtaja kila ng'ombe kwa jina lake. Akambeba Mwita, akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso. Mwisho akaitazama kamera jichoni akasema kwa Kikurya, polepole, kama anayeongea na mtu mzito: "Mimi ni Bhoke. Hii ni nyumba yangu. Hawa ni watoto wangu, niliwatolea ng'ombe."

Mimi nilikuwa pembeni ya Kassimu, sikio langu karibu kabisa na kamera. Ilikuwa kimya.

"Ndugu Kassimu, mbona hailii?"

Hakubabaika hata kidogo. "Sasa hivi ni kamera ya wazee, mwanangu. Hii haipigi kelele, isije ikawashtua."

Nilimtafsiria Bibi. Akaitikia kwa kichwa, amefurahi. "Mura huyu amelelewa," alisema. Mura ni kijana kwetu, ndivyo alivyomwita Kassimu. "Ana adabu."

Walipoondoka, Bibi aliisubiri filamu ile kama watu wanavyosubiri mavuno. Kila aliyepita aliambiwa: mimi nimo. Shemeji zake aliwaendea mwenyewe mmoja mmoja, akawaambia sasa nchi nzima itajua nyumba ya Bhoke ni ya nani, tutaona atakayeigusa. Habari ilipokuja kwamba filamu inaletwa, alitembea mpaka Tarime mjini kununua shuka jipya. Muuza duka, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, alimwambia, "Mashallah bibi, utaonekana mpaka Zanzibar," na Bibi akairudia habari ya Zanzibar njia nzima ingawa hakujua iko wapi.

Ilionyeshwa alasiri, kwenye ghala la kijiji, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta. Watu tulibanana, joto, harufu ya jasho na magunia. Bibi alikaa mbele kabisa kwenye kigoda chake, shuka jipya, mimi miguuni pake, shemeji zake nyuma yetu. Zikapita trekta. Ukapita mto. Kisha ukuta wetu ukatokea, mkubwa kuliko ulivyo, na watu wakapiga kelele. Akatokea Marwa na jembe lake, na Mwita, na mama anatabasamu, picha niliyoipiga mimi. Halafu mimi, na ule mkono begani. Sauti ya Dar es Salaam ikasema kwa utaratibu: huyu ni ndugu mkulima, pamoja na mke wake na watoto wake, mbele ya nyumba waliyoijenga kwa mikono yao.

Nyuma mtu mmoja akacheka, halafu wakacheka wengi, kicheko cha watu waliokuwa wanajua jambo siku zote na leo wameruhusiwa. Wakati ule sikujua wanacheka nini. Marwa ndiye aliyetuzaa mimi na Mwita. Kijiji kizima kilijua na hakikusema, kwa sababu kusema ni mwiko, na kati ya wanaume wote mimi nikamkimbilia yeye na kumleta kwa mkono wangu.

Filamu ikahamia kwenye zahanati, ikahamia kwenye mahindi, ikaisha. Mablanketi yakashushwa. Bibi hakuinuka.

"Mwambie mura," alisema, "mimi bado."

Kassimu hakuwepo, alikuja mtu mwingine na mashine ya kuonyeshea. Nikamfuata nikamwomba aweke na ile ya wazee. Akauliza ya wazee ipi. Nikamweleza, kamera isiyopiga kelele. Yule mtu alicheka mpaka akaegemea meza.

"Mtoto, kamera ikinyamaza haipigi kitu! Filamu ni ghali. Mzee aking'ang'ania tunamwelekezea kamera tupu, anaridhika, tunaendelea na kazi. Hukujua?"

Nilirudi kwa Bibi. Watu walikuwa wamesimama wanasikiliza. Nikamwambia, "Anasema yako imesahaulika Dar es Salaam." Bibi alinitazama sana. Baadaye niligundua kwamba Kiswahili alikielewa zaidi ya nilivyodhani, na sijui ni mangapi aliyoyasikia siku zile zote akanyamaza, akaniachia nimtafsirie.

Haikupita wiki, Marwa akaja nyumbani akatundika koti lake kwenye msumari wa ukutani. Bibi akalitupa nje. Akaja tena na mwenyekiti. Ukaitishwa mkutano wa kijiji, na Marwa akasimama na viatu vyake vyeusi akasema damu ni yake, na nyumba ni yake pia, serikali yenyewe imeonyesha. "Nani hapa hakuona?" aliuliza. Hakuna aliyenyanyua mkono. Wazee wa ukoo wakabisha, wakasema ng'ombe walitoka kwa Bhoke, watoto ni wa Bhoke, hiyo haibadilishwi na shuka jeupe la ukutani. Mwenyekiti akasema mambo hayo tumeyaacha mlimani. Basi aulizwe mke mwenyewe.

Mama alisimama. Alikuwa na miaka ishirini na kitu tu, leo ninaweza kuwa mama yake. "Mama huyu hakunitesa," alisema, macho chini. "Lakini nimechoka. Nataka mume ambaye hata kwenye picha ni mume." Alikuwa na haki. Nimemsamehe mara nyingi, na kila nikimsamehe inabidi nianze upya.

Bibi alinigeukia mimi, mbele ya watu wote.

"Robhi. Huyu mtu, nani alimleta uani kwangu?"

"Ndugu Kassimu alinituma, Bibi."

"Alikutuma umlete Marwa?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshamdanganya si mara moja. Lakini alikuwa ananitazama, nikashindwa.

"Alisema nilete baba. Marwa nilimchagua mwenyewe."

"Basi," alisema Bibi.

Karani akafuta penseli, akaandika jina la Marwa kwa wino. Wazee walimlazimisha Marwa arudishe ng'ombe wa mahari, akawaswaga mpaka mlangoni kwa Bibi. Bibi akawafungulia njia wakaondoka zao. "Sikuuza watoto," alisema, na hilo ndilo neno la mwisho alilosema pale kijijini. Kesho yake alichukua kigoda na ng'ombe zake mwenyewe akapanda mlimani kwenye mahame yake, amri au hakuna amri. Mimi nilimkimbilia mpaka mtoni. Hakugeuka.

Marwa hakuwa mtu mbaya. Alinisomesha, na jina lake ndilo lililoko kwenye vyeti vyangu na kwenye majalada ya vitabu vyangu. Kwa miaka kadhaa nilikatazwa kwenda mlimani. Nilipofika darasa la saba nilikwenda bila ruhusa, nimebeba unga na ugoro, nimejifunza njiani maneno yote ya kuomba radhi.

Bibi alikuwa amejenga kibanda, peke yake, bila mtoto hata mmoja uani. Nilimwamkia akaniitikia vizuri. Alinifutia kigoda cha wageni kwa upande wa nguo yake. Akaleta maziwa katika kibuyu kizuri, akanipa kwa mikono miwili, akaniuliza habari za shule, habari za mvua huko bondeni, akasikiliza kila jibu. Maneno yangu ya radhi hayakupata pa kuingilia. Nikaona mtungi hauna maji, nikainuka kuubeba niende mtoni, kama nilivyotumwa kila asubuhi ya utoto wangu kwa makelele na matusi ya kuchekesha. Akaniondolea mtungi mkononi, kwa upole kabisa.

"Kaa," alisema. "Mgeni hatumwi maji."

Jirani yake, mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni, akasimama nje ya uzio akanitazama. "Bhoke, huyu si Robhi wako?"

"Hapana," Bibi alimjibu, akitabasamu kwa adabu. "Ni mtoto wa Marwa. Amepita kusalimia."